Gari la kwanza la mtumba litakalokuvusha masika ya Nairobi

Ukinunua gari Januari hapa Nairobi, kila gari ni zuri. Lami imekauka, vumbi limepanguswa, rangi inametameta kwenye jua la yadi, na muuzaji anakuzungusha mtaa mmoja usio na hata shimo. Mwisho wa Machi mvua zikifunguka ndipo unapojua ulichonunua. Mimi nilikijulia Eastern Bypass, jioni ya Aprili, ndani ya gari langu la kwanza. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani, waipa zilikuwa zinapaka maji badala ya kuyafagia, na nilipokanyaga breki gari liliendelea kuteleza kana kwamba sikukanyaga kitu. Lilikuja kusimama pembezoni, hatua moja tu kutoka kwa mama aliyekuwa akisubiri matatu na mtoto mgongoni. Sijamsahau mama yule. Haya ninayoandika ni yake kama yalivyo yako wewe unayetafuta gari la kwanza.

Kinachokushika barabarani wakati wa mvua hukioni kwenye picha za tangazo. Kiko chini ya gari, kwenye mpira wa tairi, chini ya zulia na kwenye kioo cha mbele, na huko ndiko tutakakokwenda kutazama.

Hatua ya 1: Pima njia yako kwanza

Kabla hujaingia yadi yoyote, tembea njia utakayopita kila siku na ujiulize itakuwaje Aprili na Novemba. Nairobi haina udongo mmoja. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Embakasi na Utawala hadi Syokimau na Kitengela, ardhi kubwa ni udongo mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha huvimba, hunata kwenye gurudumu na kuijaza mifereji ya tairi mpaka tairi jipya linakuwa kipara. Upande wa Kabete, Kikuyu na Limuru ni udongo mwekundu, unaoteleza kama sabuni, na huko kuna miteremko. Halafu kuna mitaa yenye lami hadi getini ambako shida ni maji yanayotuama kwa sababu mitaro imeziba.

Waulize vijana wa bodaboda wa steji ya kwenu. Wao ndio wanaojua maji hufika wapi na gari gani hukwama wapi. Uliza mambo matatu: ni umbali gani wa udongo kutoka lami hadi kwako, kuna mlima wowote hapo katikati, na maji hufika kimo gani siku mbaya.

Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia gari. Kama una lami hadi nyumbani, gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele linakutosha kabisa: Vitz, Demio, Note, Honda Fit. Usimruhusu mtu akutishe ununue gari kubwa la kunywa mafuta kwa ajili ya madimbwi mawili ya South C. Kama una kipande cha murram kinachopitika, Probox au Fielder itafanya kazi ukiwa na matairi mazuri. Ukikaa kwenye udongo mweusi au kwenye mteremko mwekundu, tafuta gari lililo juu na linalovuta magurudumu yote manne: Forester, RAV4, X-Trail, Escudo, au Jimny kama familia ni ndogo. Kwa udongo wa namna hiyo nisingeenda chini ya milimita 180 kutoka ardhini hadi tumbo la gari.

Ila jambo moja lishike vizuri, kwa maana limewaumiza wengi: 4WD, yaani huko kuvuta kwa magurudumu yote manne, hukusaidia kuondoka na kupanda, haikusaidii kusimama. Breki za Forester na breki za Vitz zote hutegemea vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja, vinavyogusa barabara.

Hatua ya 2: Nenda na leso, tochi na fundi wako

Fundi awe wako, asiwe wa yadi. Na umlipe siku yake hata usiponunua, kwa sababu fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu atakuwa na hamu ya kuona limenunuliwa. Nendeni asubuhi kabla injini haijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti, na ukikuta ina joto uliza kwa nini. Injini baridi haifichi kelele wala moshi wake. Ukiamka na mvua siku hiyo, usiahirishe, hutapata siku bora kuliko hiyo.

Leso kuukuu ni ya kulalia. Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu yadi moja upande wa Kiambu Road. Alikuwa ameshaipenda Fielder nyeupe ya 4WD, na kwa kweli ilikuwa safi kila mahali jicho lilipofika.

"Mjomba, hii imenyooka," aliniambia.

"Mzee wangu, ilikuwa ya mama mmoja tu huko Japani, ya kwenda sokoni na kurudi," muuzaji akaongeza.

Nikatandaza leso, nikaingia chini na tochi. Bomba la breki linaloelekea nyuma lilikuwa limeota magamba kama ya samaki. Nilipoligusa kwa ncha ya bisibisi gamba moja likabanduka, likanidondokea shavuni, na pale lilipotoka bomba lilikuwa limeliwa likawa jembamba. Fundi wetu akatia spana kwenye boliti ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, na kichwa cha boliti kikasagika kama biskuti.

"Fundi, hii ni nini?"

"Chumvi, mzee. Hii imetoka kwa theluji."

Hatua ya 3: Tafuta alama za majira ya baridi ya Japani

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu wanunuzi wengi wa Nairobi hawajui kwamba baridi ya nchi nyingine inaweza kuwa ndani ya gari lao. Mitumba yetu mingi hutoka Japani. Kaskazini mwa nchi hiyo, Hokkaido na Tohoku, na pwani ya magharibi kama Niigata, theluji huanguka kwa wingi sana, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji yale ya chumvi hurukia chini ya gari miezi kadhaa kila mwaka. Na ni nani hununua Vitz au Fielder ya 4WD huko Japani? Zaidi ni watu wa sehemu hizohizo za theluji. Kwa hiyo gari lilelile unalolitamani kwa ajili ya matope ya Kitengela ndilo lililo na uwezekano mkubwa wa kuwa limeoga chumvi.

Usiogope kila doa la kahawia. Kutu nyepesi kwenye bomba la moshi au kwenye boliti ni kawaida kwa gari la miaka minane. Unachotafuta ni kutu yenye magamba, inayobonyea ukiidunga. Anza na mabomba ya breki na ya mafuta, uende kwenye fremu inayobeba injini, mikono ya gurudumu, mahali springi za nyuma zinapokaa, na kingo za chini ya milango. Ukikuta chini kote kumepulizwa rangi nyeusi mbichi huku gari lenyewe lina miaka saba, mwombe muuzaji akuruhusu uikwaruze kidogo. Akikataa, umeshajibiwa.

Ukiwa hukohuko chini, hakikisha kama kweli ni 4WD. Lazima uone propela, ile fito ndefu ya chuma, ikitoka kwenye giaboksi kwenda ekseli ya nyuma. Beji ya buti hubandikwa na yeyote. Tazama pia vifuko vya mpira kwenye shafti za mbele: vikipasuka, matope huingia na viungo husagika. Kidimbwi cha oili chini ya gari lililolala hapo usiku kucha hakihitaji maelezo.

Fielder ile tuliiacha. Mpwa wangu alinuna hadi Muthaiga.

Hatua ya 4: Soma matairi kama barua

Gari langu lile la kwanza lilikuwa na mifereji mirefu kwenye matairi yote manne. Ningepima kina ningelisifu. Tatizo ni kwamba yalikuwa matairi ya theluji, yaliyokuja na gari kutoka Japani, na hakuna aliyeniambia. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mpira laini ili libaki na mshiko baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Nairobi, hata Julai tunapovaa makoti, mara chache sana tunafika huko. Kwenye lami yetu yenye joto mpira ule hulegea, huisha haraka, na kwenye lami iliyolowa gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama.

Utalijua hivi: uso wake umechanjwa mistari mingi myembamba kama nyembe, ubavuni mara nyingi pameandikwa STUDLESS, na mengine yana mchoro wa mlima wenye nyota ya theluji ndani. Ukiliona, hesabu kwamba unanunua gari lisilo na matairi, na utoe bei ya matairi manne mapya kwenye mapatano.

Umri wake nao umeandikwa. Tafuta namba nne ndani ya duara dogo la yai, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata gari likiwa limeegeshwa. Tairi lenye nyufa ndogo ubavuni, au lililozidi miaka sita, sitembei nalo kwenye mvua. Kuhusu kina, tairi jipya huwa na milimita 8 hivi. Kikishuka chini ya 3, mifereji haiwezi tena kusukuma maji pembeni, na kwa kasi ya Thika Road gari huanza kuelea juu ya maji. Pima kwa rula, ndani na nje. Likiwa limelika upande mmoja tu, kuna tatizo la alaimenti (mnyooko wa magurudumu) au bushi (mipira ya viungo vya chini).

Kwa gari la 4WD, matairi manne yawe ya saizi moja na yaliyochakaa sawa. Ukichanganya, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti siku nzima na mfumo wa kugawanya nguvu huungua. Kuutengeneza ni ghali kuliko matairi yote manne.

Hatua ya 5: Nusa, kisha inua zulia

Magari yaliyozama huuzwa. Japani ilipata mafuriko makubwa Julai 2018 na kimbunga Hagibis Oktoba 2019, na sisi wenyewe tuliona ya kwetu Aprili na Mei 2024, maji yakiingia hadi ndani ya maegesho ya mitaa. Gari lililozama hukaushwa, hupuliziwa manukato, na kurudi sokoni na nyaya zilizoanza kuoza.

Funga vioo dakika tano ukiwa ndani, unuse. Harufu ya shuka lililoanikwa kivulini haitoki kwa manukato. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa: mkanda uliozama huwa na mstari wa maji au tope kwenye kipande ambacho hakuna anayekivuta. Inua zulia la dereva, gusa sifongo iliyo chini yake. Tazama reli za viti kama zina kutu, kwa sababu ndani ya gari hakuna kitu cha kuzitia kutu isipokuwa maji. Toa tairi la akiba kwenye buti, upitishe kidole kwenye kona za shimo lake. Matope laini yaliyokauka huko hayatokani na barabara. Mwisho, taa za mbele: mstari wa maji ndani ya kioo cha taa huwa hauondoki.

Ukikuta mbili kati ya hizo, aga kwa heshima uende zako.

Hatua ya 6: Lazima uone

Watu wengi hapa huambiwa AC ni anasa kwa sababu Nairobi haina joto la Mombasa. Si kweli. Mvua ikinyesha na mkiwa watu wanne ndani, pumzi zenu huwa ukungu kwenye kioo, na kitu kinachouondoa kwa sekunde chache ni hewa iliyokaushwa na AC ikielekezwa kiooni. Gari langu lile lilikuwa na kitufe cha AC kinachowaka taa na hakifanyi kazi nyingine. Washa, subiri dakika mbili, ushike hewa inayotoka: iwe baridi kweli. Jaribu kasi zote za feni. Washa nyaya za kioo cha nyuma na baada ya muda uguse kama zina joto.

Mwagia maji kioo cha mbele ukajaribu waipa kasi zote. Mpira wa waipa ni rahisi kubadilisha. Mota iliyochoka ni jambo jingine. Taa zote, pamoja na za ukungu kama zipo. Ukipita Limuru alfajiri ya Julai utanishukuru kwa hizo.

Hatua ya 7: Liendeshe mahali pabaya

Usikubali mzunguko wa yadi. Ukizungusha swichi kabla ya kuwasha, taa za dashibodi lazima ziwake, ikiwemo ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) na ya mikoba ya hewa, kisha zizime injini ikishawaka. Taa ambayo haiwaki kabisa inatisha kuliko inayobaki imewaka: huenda mtu ameitoa balbu ili usiione.

Kisha tafuta barabara tupu. Ukiwa na kasi ya kilomita 40 kwa saa, hakikisha hakuna mtu wala gari nyuma, kanyaga breki kwa nguvu huku umeshika usukani kwa wepesi. Gari lisivute upande. Kama barabara imelowa na gari lina ABS utahisi pedeli ikitetemeka mguuni, ndivyo inavyopaswa. Pita matuta polepole ukisikiliza: sauti ya ngo-ngo ni bushi au shoku. Kata usukani hadi mwisho kulia, uende pole, kisha kushoto. Tik-tik-tik ni kiungo cha shafti. Kwa giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ambayo ndiyo ipo kwenye magari mengi madogo ya Kijapani ya sasa, panda mlima kwa mwendo wa konokono. Likitetemeka kama linasitasita, liache.

Swali moja kwa fundi wako chini ya boneti: mdomo wa kuvuta hewa ya injini uko juu kiasi gani? Kwenye baadhi ya magari uko chini, nyuma tu ya bampa. Injini ikimeza maji, pistoni hujaribu kuyabana, na maji hayabaniki. Fito za pistoni hupinda na injini imekwisha. Na hata gari lenye mdomo ulio juu lisikupe kiburi: maji ya sentimita 30 yanatosha kuyaelesha magari mengi madogo.

Hatua ya 8: Karatasi

Ingia kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen na ufanye utafutaji kwa namba ya gari. Jina lililotoka lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chasisi ifanane na iliyogongwa kwenye bodi, na kusiwe na benki inayodai. Kama gari limeingia karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Humo mna daraja la gari, kilomita na kutu iliyoonekana. Daraja la R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji mtandaoni nawe unaukubali, kwa hiyo usimalize pesa zote kabla hujaliona ombi hilo kwenye akaunti yako. Kwenye bima, uliza waziwazi kama mafuriko yamo, na upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 9: Bakisha pesa

Usinunue gari kwa shilingi yako ya mwisho. Ningebakisha angalau sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa wiki ya kwanza: matairi kama yanahitajika, pedi za breki, maji ya breki, oili na filta, betri ikiwa dhaifu, mipira ya waipa, gesi ya AC. Spea za Toyota na Nissan utazipata Kirinyaga Road, ambako wengi bado huita Grogan, lakini pedi na mabomba ya breki nunua mapya, hata ukiwa umenunua kila kitu kingine mtumba.

Mpwa wangu alipata Fielder nyingine wiki tatu baadaye, ya kijivu, yenye mkwaruzo mrefu mlangoni na chini pakavu kama kikaango. Tulibadilisha matairi kabla haijalala nyumbani hata usiku mmoja. Kwenye buti tulimwekea kamba ya kuvutia, koleo fupi, vipande viwili vya ubao wa kutia chini ya gurudumu, tochi, na gambuti za saizi yake, kwa sababu kutoka lami ya Utawala hadi geti lake ni mita mia nne za udongo mweusi.